Nguruwe wa Nairobi amekosa chumba baridi

Nyama ya nguruwe inayoliwa Nairobi hufika mezani kwa njia mbili ambazo hazijuani. Ya kwanza ni ya kiwanda: nguruwe wa mkataba, uzito uliokubaliwa mapema, mzoga unaoingia baridini mara baada ya kuchinjwa, na mwisho wake ni pakiti ya bekoni au soseji kwenye friji ya supamaketi. Farmer's Choice ya Kahawa West, iliyoanza mwaka 1980, ndiyo kubwa kuliko zote katika njia hiyo. Ya pili ni ya alfajiri. Broka anazunguka Kiambu na Murang'a kwa pikapu, nguruwe wanachinjwa kabla ya jua kuchomoza kwenye machinjio kama ile ya Ndumbuini, Kabete, na ikifika saa 2 asubuhi mzoga unaning'inia kwenye bucha ya Kangemi au Kawangware ukiwa bado na joto la uhai. Ikifika jioni umekwisha, umeliwa na ugali na kachumbari.

Njia zote mbili zina wateja na zote zinalipa watu mshahara. Kisichokuwepo ni njia ya katikati: machinjio ambapo mfugaji wa nguruwe 8 anaweza kuleta mifugo yake, mizoga ikalala baridini usiku mmoja, ikapimwa, ikapewa daraja, kisha ikauzwa kwa bucha, hoteli au mtengenezaji mdogo wa soseji anayehitaji kilo 40 za bega na kilo 20 za mafuta ya mgongo. Mjadala wa mustakabali wa usindikaji wa nguruwe hukimbilia kusema tunahitaji nguruwe wengi zaidi au kiwanda kingine kikubwa. Hoja ya makala hii ni kwamba pengo liko katika saa 24 za kwanza baada ya kisu, na pengo hilo lisipozibwa, kuongeza nguruwe kutaongeza hasara tu.

Historia inasaidia kidogo hapa. Kiwanda cha bekoni cha Uplands, pale Lari kando ya reli, kilikuwa nguzo ya ufugaji wa nguruwe tangu enzi za ukoloni. Kilipoanguka miaka ya 1980, wafugaji wengi waliachana na nguruwe kwa sababu soko walilolizoea lilizimika. Kiwanda binafsi kikashika usindikaji, na bucha za mitaa zikashika wengine wote. Tangu hapo ufugaji umekuwa ukipanda na kushuka kwa mawimbi. Sensa ya 2019 ilihesabu nguruwe wasiofika nusu milioni Kenya nzima, ilhali Uganda ilikuwa imevuka milioni 3 katika sensa yake ya mifugo ya 2008. Ulaji wetu bado ni mdogo, na nafasi ya kukua ipo.

Mawimbi hayo yana sababu ya wazi. Bucha isiyo na baridi haiwezi kununua leo nyama ya kesho kutwa. Inanunua kile itakachomaliza kabla ya kufunga. Desemba wateja wanajaa na broka anapigania nguruwe. Januari karo za shule zinakula mifuko, mauzo yanaanguka, na broka hapokei simu. Mfugaji mwenye nguruwe wa kilo 90 hana mahali pa kumweka isipokuwa bandani, akila kilo 3 za chakula kwa siku. Wiki 3 za kusubiri ni zaidi ya kilo 60 za chakula, yaani zaidi ya gunia la kilo 50, na chakula ndicho theluthi mbili au zaidi ya gharama yote ya ufugaji. Tena nguruwe huyo hanenepi nyama, ananenepa mafuta, na bucha ya mtaa ikiona mafuta inashusha bei au inamkataa kabisa. Mfugaji anauza kwa hasara, anapunguza majike, na baada ya mwaka mmoja nguruwe wanaadimika na bei inaruka tena. Kiwanda kidogo cha soseji hakiwezi kujengwa juu ya malighafi ya namna hiyo. Anayeuza soseji hupanga bei na supamaketi au hoteli kwa miezi; mzoga unaweza kupanda bei ndani ya wiki mbili.

Basi tuingie ndani ya zile saa 24.

Ubora wa nyama huanza kuharibika nguruwe akiwa bado hai. Nguruwe aliyefungwa miguu na kurushwa nyuma ya pikapu, akasafiri kwenye barabara mbovu na kushushwa kwa kuvutwa masikio, huchinjwa misuli ikiwa inawaka. Asidi ya misuli hupimwa kwa kipimo cha pH: namba ikishuka, asidi imepanda. Nguruwe aliyetulia huanza na takriban 7 na kushuka taratibu hadi 5.6 hivi ndani ya siku moja. Aliyetaabika dakika za mwisho hushuka chini ya 6 ndani ya dakika 45, wakati mzoga ungali na joto la karibu nyuzi 40. Asidi na joto vikikutana hivyo, protini inaharibika: nyama inakuwa nyeupe, laini, inatoa maji. Ukiikata bucha utaona sinia limejaa maji ya waridi. Ukiitia kwenye soseji, hiyo soseji itachuruzika kwenye kikaango na kunywea nusu. Aliyeteswa muda mrefu, akalala njaa siku mbili bila maji, ana ubaya wa upande mwingine: nguvu za misuli zimekwisha, pH inabaki juu ya 6, nyama ni nyeusi, inanata, na ikifungwa kwenye plastiki isiyo na hewa inaoza haraka. Watengenezaji wadogo wengi hulaumu viungo au mashine, kumbe kosa lilitoka kwenye gari.

Dawa yake si ghali. Chakula kiondolewe saa 12 kabla ya kuchinja, maji yasikatwe. Wakifika wapumzike saa 2 au 3 kivulini, wanyunyiziwe maji kukiwa na joto, na wageni wasichanganywe na wenyeji kwenye zizi moja maana watapigana. Koleo la umeme la kumpotezea nguruwe fahamu liwekwe kati ya jicho na sikio pande zote mbili, mkondo usipungue ampea 1.3, lishikwe angalau sekunde 3, na kisu kiingie ndani ya sekunde 15. Ncha za koleo zikiwa na kutu au mafuta, umeme haupiti vizuri. Nguruwe anapigwa shoti bila kupoteza fahamu. Huo ni ukatili, na pia unaacha madoa ya damu ndani ya paja, sehemu ambayo ndiyo ingekuwa hemu, yaani paja la kusindikwa.

Kisha kuna maji ya kunyonyolea. Yanatakiwa nyuzi 60 hadi 62, dakika 5 au 6. Yakipungua, manyoya hayatoki; yakizidi, ngozi inaiva na manyoya yanang'ang'ania zaidi. Machinjio nyingi ndogo huchemsha pipa kwa kuni na kupima kwa mkono. Kipimajoto cha kuchomeka kinagharimu pesa kidogo kuliko ngozi ya nguruwe mmoja iliyoharibika, lakini ni nadra kukikuta. Maji yale yale yanatumika asubuhi nzima, na uchafu wake huingia kupitia tundu la kisu hadi kwenye mapafu. Baada ya hapo matumbo yatoke ndani ya nusu saa, na njia ya haja ifungwe kwa uzi kabla ya kukatwa. Hapo ndipo mkaguzi wa nyama anapofanya kazi yake na kugonga muhuri, na hapo ndipo njia zetu mbili zinapoachana: mzoga mmoja unakwenda baridini, mwingine unapakiwa kwenye sanduku la bati la pikipiki.

Mzoga unatakiwa uingie baridini ndani ya saa moja, kwenye hewa ya nyuzi 0 hadi 2 inayozunguka kwa nguvu, mizoga isigusane, na kesho yake katikati ya paja pasome nyuzi 7 au chini, na 4 kama unataka kukata vipande vizuri. Kosa tunaloliona mara nyingi ni mtu kununua friza kubwa, au kukodi kontena la kuhifadhia samaki, akaingiza mizoga 10 ya moto na kufunga mlango. Mashine ya kuhifadhi imeundwa kuvumilia joto la ukuta na mlango, haikuundwa kuvuta joto la nyama. Mizoga 10 ya kilo 65, ikishuka kutoka nyuzi 38 hadi 4, inatoa takriban kilowati-saa 20 za joto, nusu yake katika saa chache za mwanzo. Mashine inazidiwa, hewa inapanda hadi nyuzi 15, mvuke unagonga dari na kudondoka juu ya nyama, na asubuhi nje pamepoa lakini pembeni mwa mfupa wa paja kuna nyuzi 20 na harufu. Ukisikia mtu anasema nyama ya baridi huoza kutokea ndani, ujue chumba chake kilikuwa ghala.

Je, ni umeme unaowazuia wenye machinjio? Tupige hesabu. Kwenye zile kilowati-saa 20 za nyama ongeza kiasi kama hicho cha feni, kuta na mlango, uwe na 40 za joto. Mashine ya kawaida iliyotunzwa huondoa joto hilo kwa takriban kilowati-saa 20 za umeme. Hata tukikadiria shilingi 25 kwa kila moja, ni shilingi 500 kwa usiku, shilingi 50 kwa mzoga, chini ya shilingi moja kwa kilo. Jenereta kwa siku ambazo umeme umepotea litapandisha hesabu, lakini halitaigeuza.

Kizuizi halisi ni mizani. Mzoga unaolala baridini hupungua kwa takriban asilimia 2, kwa sababu maji ya juu yanakauka. Kwenye mzoga wa kilo 65 hiyo ni kilo 1.3, na tuseme kilo ni shilingi 350, basi shilingi 455 zimepotea hewani, mara 9 ya gharama ya umeme. Nani anazibeba? Broka amemlipa mfugaji kwa uzito wa moto au kwa kumkadiria nguruwe kwa macho. Bucha inamlipa broka kwa uzito wa mzoga unaposhushwa. Kila mmoja katika mnyororo huu ana faida nyama ikisogea haraka ikiwa ya moto, na mteja ndiye anayenunua maji ambayo yatakaukia kwenye sufuria yake. Ndiyo maana vyumba baridi vilivyojengwa bila kubadilisha namna ya kulipa hugeuka stoo za viti na matangi. Viwanda vikubwa duniani vililimaliza jambo hili zamani kwa makubaliano mepesi: mzoga unapimwa ukiwa moto mbele ya mwenye mali, uzito unazidishwa kwa 0.98, na malipo yote yanafuata uzito huo wa baridi. Kila mtu anajua makato mapema na hakuna anayekimbizana na mvuke. Unyevu wa chumba ukishikiliwa karibu asilimia 90 na upoaji ukawa wa haraka, upungufu unashuka hadi asilimia 1.5, na hapo mwenye chumba anapata sababu ya kukitunza.

Sasa hesabu ya msindikaji, maana ndiye anayetarajiwa kuleta mustakabali. Achukue mzoga huo wa kilo 65 wenye kichwa na ngozi kwa shilingi 22,750. Akiutoa mifupa atapata takriban kilo 33 za nyama halisi, kilo 14 za mafuta, 7 za mifupa, 5 za kichwa, 3 za ngozi, moja na nusu ya kwato, na zilizobaki zimekwenda na maji. Akiuza nyama tu na kutupa au kugawa vingine, kila kilo ya nyama imemgharimu karibu shilingi 690, na hapo hajamlipa mkataji. Bucha ya mtaa haina tatizo hili: inapasua mzoga kwa panga, inachanganya mbavu, mfupa na mafuta, na kuuza yote kwa bei moja. Paja linalipia kichwa. Kwa hiyo anayedhani atashinda bucha kwa kuuza nyama safi isiyo na mfupa kwa bei ya bucha atafunga duka kabla ya mwaka kuisha, na wengi wamefunga.

Msindikaji anaishi kwa kuweka kila sehemu mahali pake. Kiuno kinakuwa chopsi au bekoni ya mgongo, tumbo linakuwa bekoni ya mistari, paja ni hemu au choma ya hoteli, bega na vipande vinaingia kwenye soseji. Mafuta ya mgongo, yale magumu meupe, si taka: ndiyo robo ya soseji. Mafuta laini ya ndani hayafai humo, yanayeyuka mapema. Yachemshwe yawe mafuta ya kupikia. Ngozi ikichemshwa na kusagwa inaunganisha soseji za bei nafuu. Mifupa na kwato ni supu, na soko la supu Nairobi halijawahi kulala. Ini halikai, liuzwe siku hiyo hiyo.

Kutengeneza soseji ni kazi ya kushindana na joto. Mchanganyiko wa kawaida wa kilo 100 ni nyama kilo 50, mafuta ya mgongo 25, barafu 18, wanga 5, na zilizobaki ni chumvi na viungo. Nyama isagwe ikiwa nyuzi 2, iingie kwenye bakuli la visu pamoja na chumvi yote, fosfeti (chumvi ya kushikilia maji) gramu 3 kwa kilo, na nusu ya barafu. Chumvi inavuta protini kutoka kwenye nyama mpaka mchanganyiko unanata kwenye kiganja kilichopinduliwa. Hapo ndipo mafuta na barafu iliyobaki vinaingia, na mashine inazimwa kipimajoto kinaposoma 12. Ikivuka 16, mafuta yanalainika na kujitenga. Hakuna kiungo kitakachoyarudisha, na baada ya kupikwa utayakuta yamejikusanya kwenye ncha za soseji kama kofia. Visu butu ndivyo chanzo kikuu, kwa sababu vinasugua badala ya kukata. Smoki, soseji ya moshi, hupitia hatua zaidi: ikaushwe kwanza kwa nyuzi 55 mpaka uso uwe mkavu, ifukizwe moshi, ipikwe kwa nyuzi 80 hadi katikati isome 72, imwagiwe maji baridi, kisha ipoe hadi 4 kabla ya kufungwa. Aliyefunga ikiwa na uvuguvugu atapokea pakiti zake zikirudi na utelezi siku ya 5.

Kuhusu nitriti hatuna utani. Ndiyo inayoipa bekoni rangi na ladha, na ndiyo inayozuia sumu ya botulini ndani ya pakiti. Kiwango kinachotumika sana ni miligramu 150 kwa kilo ya nyama, yaani gramu 2.5 za chumvi maalumu yenye nitriti asilimia 6. Anayenunua nitriti halisi ya maabara na kuipima kwa kijiko anacheza na roho za watu. Gramu chache zinatosha kuua mtu mzima. Inunuliwe ikiwa tayari imechanganywa na chumvi na kutiwa rangi ya waridi ili isidhaniwe ya mezani, ipimwe kwa mizani ya gramu, na ifungiwe kabatini. Sodiamu metabisulfaiti ni jambo jingine kabisa. Uchunguzi wa NTV wa Julai 2019 ulionyesha inavyotumika kwenye supamaketi kurudishia nyama ya zamani wekundu wake. Haiifanyi kuwa mpya, inaficha tu, na watu wenye pumu huumia zaidi. Baada ya matangazo hayo wateja waliogopa nyama yote ya friji, na hofu hiyo iliwaangukia pia waliokuwa wakifanya kazi safi. Mtu anayeamini kwamba nyama ya moto ndiyo salama na ya baridi ndiyo yenye dawa hatashawishiwa kwa tangazo la redio. Atashawishiwa na tarehe ya kuchinjwa iliyoandikwa na muhuri unaosomeka.

Tishio kubwa la miaka ijayo ni homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huu ulielezwa kisayansi mara ya kwanza hapa Kenya, katika maandishi ya Montgomery ya mwaka 1921, na zaidi ya miaka 100 baadaye mfugaji wetu hana chanjo ya kuinunua. Hauambukizi binadamu, lakini ukiingia bandani unaweza kuua karibu wote. Ngiri na kupe laini wanautunza porini. Kwenye kaunti zinazolisha Nairobi, wanaousambaza ni watu: broka anayeingia mabanda 6 kwa buti zile zile, dume la kuazima linalozunguka kijiji, na makombo ya hoteli yenye vipande vya nguruwe. Usindikaji unahusika moja kwa moja. Mfugaji akiona nguruwe wawili wamekufa, anawauza wengine siku hiyo kwa bei yoyote, na mizoga yenye virusi inaingia sokoni. Baridi haiviui virusi hivi. Nyama iliyogandishwa inaweza kuvibeba kwa miaka, na hemu isiyopikwa kwa miezi. Moto unaviua: nyuzi 70 kwa dakika 30 ndani ya nyama. Kwa hiyo machinjio inayotoa damu na matumbo bila kuyachemsha inarudisha ugonjwa shambani kupitia mbwa, kunguru na mfereji. Na bila fidia ya kutegemewa, kumwambia mfugaji aripoti mapema ni kumwambia akubali kufilisika kwa hiari.

Minyoo ya tegu ni suala la nguruwe wanaozurura, hasa wanaotoka mbali magharibi. Mkaguzi hupasua ulimi, moyo na misuli ya taya, lakini nguruwe mwenye vifuko vichache vya minyoo hupita. Nguruwe wa kufungiwa bandani penye vyoo vinavyotumika hawana nafasi kubwa ya kuipata. Hilo peke yake ni sababu tosha ya kulipa zaidi kwa nguruwe anayejulikana alikotoka.

Soko jipya la usindikaji, ukitaka kuliona, liko kwenye mkokoteni wa smoki nje ya kila stendi. Vijana wengi wanakula kwa kazi hiyo. Smoki imeshapikwa kiwandani, kwa hiyo hatari iko kwenye saa inazokaa vuguvugu: chini ya nyuzi 60 bakteria wanaendelea kuzaana, na kisu kinachopasua smoki ndicho kinachokata nyanya. Anayesindika kwa ajili ya soko hili aandike wazi nyama iliyomo. Nairobi ina Waislamu wengi, na kiwanda kidogo kinachopitisha nguruwe na ng'ombe kwenye mashine moja hakina haki ya kumwambia mchuuzi awaambie wateja wake kwamba hii ni ya ng'ombe. Aidha awe na vyumba viwili na visu viwili, au achague mnyama mmoja.

Kwa hali hii, kaunti za Nairobi na Kiambu zingefanya vyema kuacha ndoto ya kiwanda kipya cha mamilioni na kuweka baridi kwenye machinjio zilizopo, mwenye mzoga akilipia kwa usiku. Pembeni kiwepo chumba kimoja cha kukatia chenye kibali, mkaguzi na sakafu ya kuoshwa, kinachokodishwa kwa saa kwa watengenezaji wadogo ambao hawawezi kujenga chao. Wakataji wapo wa kufundishwa. Taasisi ya mafunzo ya nyama ya Athi River imekuwa ikiwaandaa wakaguzi kwa miaka mingi na inaweza kufundisha ukataji wa nguruwe kwa upana zaidi. Wafugaji nao waanze kulipwa kwa daraja. Mzoga ukishapasuliwa, rula ya chuma inapima unene wa mafuta ya mgongo: wa kilo 60 hadi 75 wenye mafuta chini ya milimita 20 apate bei ya juu, aliyezidi akatwe kwa kiwango kilichoandikwa ukutani. Bila hivyo mfugaji hana sababu ya kununua lisini, kirutubisho cha kujenga nyama, kuhasi madume yakiwa na umri wa siku chache ili nyama isinuke, wala kutunza kumbukumbu za sindano ili dawa iishe mwilini kabla ya kuchinja.

Machinjio inayotaka kuanza haina haja ya kungoja sera. Mizani ya reli ya kuning'inizia mizoga, rula, kipimajoto cha kuchomeka, na kitabu cha risiti chenye nakala tatu, moja ya mfugaji, moja ya mnunuzi, moja ya machinjio, vinatosha kwa mwezi wa kwanza, uzito wa moto na uzito wa kulipia vikiandikwa kando kwa kando. Chumba cha mizoga 10 kifuate, na nafasi zake za mwanzo wapewe wenye oda za soseji na bekoni badala ya bucha za mitaa, kwa kuwa nyama ya moto haiwafai hao hata kidogo, na ndio watakaokubali kulipia uzito wa baridi bila ubishi.